Siku Niliyomfanya Maiti wa Filamu Kuwa Mnubi

Kaka yangu aliuawa Port Bell, bandari ya Kampala, katikati ya mabehewa yaliyoteremshwa kwenye feri, na kabla hatujamzika alikuwa ameshapewa jina la mwizi. Aliyepiga simu hakujitambulisha. Alisema kuna mwizi kapigwa na wananchi alfajiri, njooni mchukue mtu wenu. Simu ikamponyoka mama, ikatumbukia kwenye beseni alimokuwa anaosha mchele, na mchele ule haukupikwa tena.

Niseme ukweli kuhusu kaka yangu, maana marehemu huwa wanasifiwa mpaka hatuwatambui. Alikuwa na mdomo mchafu. Aliendesha lori la kubeba mizigo kutoka bandarini kwenda madukani, na barabarani alitukana watu wa kila umri na kila dini. Aliwahi kumvunja mtu pua kwa sababu ya mpira, na mwenye pua akaja msibani kwetu akalia kuliko mimi. Lakini wizi? Huyu alikuwa mtu wa kurudi dukani kumpelekea muuza duka kiberiti alichokisahau mkononi. Nilikuwa tayari kupigana na yeyote atakayesema vingine, na nilipigana.

Katika Kampala neno hilo likishakushika halikuachii. Mtu akiuawa kwa jina la mwizi, hakuna anayeuliza aliiba nini. Watu wanaruka damu, wanakwenda kazini. Na aliyeuawa akiwa Mnubi, ndiyo basi kabisa. Sisi ni uzao wa askari wa Kisudani walioletwa huku na wakoloni. Tumezaliwa hapa, tunazikana hapa, lakini yule jemadari wa miaka ya sabini alijaza watu wetu jeshini mwake, na tangu aanguke kila Mnubi anatazamwa kana kwamba ameshika bunduki ya wakati ule. Kaka yangu hakuwa hata amezaliwa.

Tulimkuta chumba cha maiti, uso umevimba hata nikamtambua kwa kovu la goti. Daktari alimtazama juujuu, akaandika kwamba amekufa kwa kipigo, nasi tukakataa asipasuliwe. Tukamleta nyumbani Kisugu kumwosha.

Tulimwosha wawili, mimi na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu. Nyuma ya nyumba tulichimba shimo la kupokea maji, tukatundika mashuka kuzunguka kitanda. Baba mdogo alimwaga maji, mimi nikasugua taratibu, maana ngozi ya mgongoni ilikuwa inatoka na kitambaa. Mbavu za kushoto ziliingia ndani nilipozigusa. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja, baba mdogo akaniacha nitukane.

Tulipofika kinywani, taya halikufungika. Shavu moja lilikuwa limetuna. Baba mdogo akaingiza kidole, akashika kitu, akavuta. Kikaja kitambaa cheupe chenye damu, akavuta tena kikazidi kuja, mpaka kikatoka kizima na sauti iliyonifanya hadi leo nisiweze kula nyama yenye mfupa nikaivuta kwa meno. Ilikuwa kofia yake mwenyewe, ile ya kudarizi aliyoshonewa na mama. Ilikuwa imesukumwa kooni kwa kitu kigumu, kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yamekunjikia ndani. Ngumi zilimwumiza, lakini kilichomuua ni kofia.

Baba mdogo alinitazama, maji yanamchuruzika viwiko.

"Umeona nini?" akaniuliza.

Kwetu mwosha maiti hasemi alichokiona mwilini. Anaulizwa swali hilo palepale, ajibu, na jibu ni moja tu.

"Sijaona kitu," nikasema.

Akaitupa kofia shimoni pamoja na maji, tukafukia. Wanaosema tulikosea hawajawahi kumwosha mtu wao akiwa katika hali ile. Mama alikuwa upande wa pili wa shuka, anasikia kila tone. Ungemwambia nini?

Mazishini walikuja watu wengi wa bandarini. Mmoja alikuwa mlinzi wa ghala, mtu mnene mwenye sauti, akaaye kwenye vyumba vya chini ya kilima cha Naguru, karibu na kibanda changu cha filamu. Kabila lake silitaji, kwa sababu si kabila lililofanya yaliyofanyika. Alibeba jeneza, akatia udongo kwa mkono, akala pilau yetu, akamwambia mama kwamba kaka alikuwa rafiki yake. Mama akamwongezea nyama.

Kisha mama akaanza na kofia. Hakuuliza nani kamuua mwanawe. Aliuliza nani kamvua kofia. Alikuwa ameikumbuka alivyotoka nayo kabla ya alfajiri ile, na kichwani mwake aliyeichukua ndiye muuaji. Akawa anakwenda sokoni anatazama vichwa vya wanaume. Siku moja alimsimamisha kijana wa watu kituo cha bodaboda, akamvua kofia, akaigeuza kutazama mshono, akairudisha bila kuomba radhi. Nami nimesimama pembeni, najua kofia iko nyuma ya jiko letu.

Mpelelezi alikuja baada ya arobaini. Mtu wa kaskazini, mrefu, koti kubwa kuliko mabega yake. Baba mdogo alipoliona lile koti likiinama mlangoni alinong'ona kwamba huyu amekuja kutucheka, na mimi niliamini hivyohivyo. Watu wa kwao walichinjwa kwenye kambi za jeshi katika miaka ile, na wachinjaji wengine walikuwa wetu. Nani angetegemea haki kwa mtu kama huyo?

Akakaa, akaongea Kiswahili cha kambini.

"Mimi nilienda Port Bell. Kundi ya watu ikiua mwizi inaacha mawe. Inaacha matofali, inaacha viatu ya watu, mara ingine tairi. Pale hapana jiwe hata moja. Hii kazi ni ya mutu moja."

"Basi mkamate," baba mdogo akasema.

"Simu yake iko. Saa yake iko. Ugomvi hakuna, mwanamuke hakuna. Mutu naua mutu bure? Mimi natafuta sababu, muzee. Bila sababu, wakubwa wangu nafunga hii faili na jina ya mwizi nabaki."

"Sababu muulize Mungu."

Mpelelezi akamtazama sana baba mdogo, kisha akavua koti, akalikunja magotini.

"Muzee, wewe hapana nipenda. Sawa. Na mimi hii kesi sikutaka. Baba yangu ilichukuliwa na askari ya ile serikali, na watu yenu ilikuwa ndani. Hata shati yake hatukupata ya kuzika. Sasa tumeambiana. Iko chai?"

Mama akaenda kumletea chai. Ile sababu, chuki iliyosukuma kofia ya Mnubi kooni mwake, ilikuwa ulimini mwangu, chungu, nami nikamtazama baba mdogo, naye akatikisa kichwa kidogo sana. Mpelelezi aliona, nina hakika. Alikunywa chai yake yote, akamshukuru mama, akaondoka bila ile sababu aliyoijia.

Sasa nieleze kazi yangu. Mimi ni mfasiri wa filamu. Filamu inaonyeshwa kibandani, mimi nakaa pembeni na kipaza sauti, naipunguza sauti ya filamu, nasema mimi. Nasema kama mwanamume, nasema kama mwanamke, nabweka kama mbwa. Vibanda vingi vya Kampala wafasiri wanatumia Kiganda, lakini changu, chini ya nyumba za polisi za kilimani, kinajaza watoto wa polisi, wake wa askari, Wakongo, watu wa kaskazini, kwa hiyo natumia Kiswahili. Na mfasiri hafasiri maneno tu. Kila mtu kwenye filamu lazima apewe mtaa na kabila, la sivyo watu wanadai hela ya nafasi waliyokalia. Polisi wa Kimarekani anatoka Gulu, mrembo anatoka Mbarara, na jambazi, kwa miaka yote, nilimpa kabila langu mwenyewe ili watu wacheke. Kaka yangu alikuwa anakuja Jumapili, anacheka kuliko wote, ananirushia karanga.

Baada ya kifo chake nilipata filamu moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ndani ya rundo la kanda nilizouziwa kwa jumla. Wanaume wenye makoti marefu, mvua, sigara. Fundi viatu mmoja mzee, tuliyemwona akisalimia kila jirani, anakutwa amepigwa mpaka akafa chumbani kwake, na mpelelezi anazunguka filamu nzima akitafuta sababu. Pesa hazikuchukuliwa. Mwanamke hayupo. Mwishoni filamu inarudi nyuma na kuonyesha kwamba aliyemuua ni mpangaji mwenzake, ambaye hakuwa na kisa naye hata kimoja, ila alichukia watu wa aina yake. Niliitazama peke yangu nyumbani, nikapiga ngumi ukuta mpaka mama akaja kuniuliza kama nimeingiwa na pepo.

Nikasema nitaionyesha. Sikuwa na mtego wowote, msinipe akili nisiyokuwa nayo. Nilikuwa na hasira tu. Nilitaka wale watu waliokuwa wakimwita kaka yangu mwizi wakae kwenye mabenchi yangu wamtazame akifa.

Ilikuwa Jumapili mchana, mechi ilikuwa imekwisha na watu hawakutaka kutoka juani. Kibanda kimejaa. Yule mlinzi wa ghala alikaa benchi la mbele, mahali pake pa siku zote, na mguu wa kuku mkononi. Picha ikaanza, watu wakazomea kwa kuwa haina rangi. Nikashika kipaza sauti.

"Huyu fundi viatu," nikasema, "ni Mnubi wa Kisugu."

Wakacheka kwa mazoea, kisha kicheko kikapungua, maana wengi walijua nimetoka msibani. Mama mmoja akanihurumia kwa Kiganda, "Bambi." Nikaendelea. Nikampa fundi viatu maneno ya kaka yangu, matusi yake, salamu zake. Nilipomfanya asalimie "Salaam aleikum, jirani!" sauti yangu ilitoka kama yake kabisa, hata mwenyewe nikashtuka.

Ikafika mwishoni, pale mpangaji anamkamata mzee kooni. Kibandani kwangu watu hawatazami kimya. Wanapiga kelele kumpangia muuaji na kumwonya anayeuawa, ndiyo raha yenyewe. Mmoja anasema mpige, mwingine anasema kimbia, mzee, kimbia. Na yule mlinzi akasimama kwenye benchi, mafuta ya kuku mdomoni, macho yanang'aa.

"Lisha yeye kofia yake!" akapiga kelele. "Kofia yote, anyamaze!"

Fundi viatu hakuwa na kofia. Kichwa chake kilikuwa wazi, upara unang'aa kwenye taa. Hakuna hata mtu mmoja kwenye filamu ile aliyewekewa kitu mdomoni. Watu watatu duniani ndio waliojua habari ya kofia: mimi, baba mdogo, na aliyeisukuma.

Sikumbuki nilivyovuka meza. Nakumbuka kipaza sauti kikilia mluzi mkali, na mimi nimekishika, nakishusha kwenye mdomo wake. Niliyasikia meno yake kupitia spika, kibanda kizima kiliyasikia. Nikampiga tena. Akanishika koo kwa vidole vyenye mafuta, tukaanguka kwenye mabenchi, nikampiga kwa kiwiko, kwa goti, kwa kichwa. Nilitaka kufa kwake. Sioni sababu ya kulisema kwa adabu. Nilitaka kulisikia koo lake likifanya sauti ile ya kitambaa.

Kisha mtu nje ya mlango, ambaye hakuwa ameona chochote, akauliza kuna nini, na mwingine akajibu lile neno ambalo jiji hili hulijibu kila siku.

"Mubbi! Mwizi! Iko ndani!"

Mabenchi yangu ni mbao zilizolazwa juu ya matofali. Nilisikia mbao zikianguka, nikajua matofali yameshaingia mikononi. Wengine waliinua simu wapate picha. Tofali la kwanza lilimpata yeye pajani, akalia kama mtoto. La pili likapita sikioni kwangu. Wanawake wa askari niliokuwa nawachekesha kila Jumapili walikuwa wanapiga kelele za "Muuwe! Iishe leo!"

Hapo ndipo nilipoona, wazi kuliko picha yoyote niliyowahi kuonyesha. Wakimuua hapa, atakufa mwizi. Kesho watu wataruka damu yake waende kazini. Hakuna atakayeuliza kitu, na kaka yangu atabaki mwizi mwenzake mpaka siku ya kiyama. Sababu aliyoitafuta mpelelezi ilikuwa chini yangu, inapumua, na kila tofali lilikuwa linaiua.

Nikamlalia. Nikamfunika kichwa kwa kifua changu na mikono yangu, nikaipokea mvua ya matofali mgongoni. Moja lilivunja ubavu, nilisikia ukikatika. Jingine lilinipasua kisogo, damu ikanishukia machoni na kudondoka usoni kwake. Nilipiga kelele kwamba si mwizi, si mwizi, ni muuaji, niachieni aongee, lakini nani husikia? Na yeye, mdomo wake ukiwa sikioni mwangu, meno hayapo, akasema polepole.

"Toka juu yangu, Mnubi. Unanuka."

Nikamng'ata shavu. Kisha nikaendelea kumfunika.

Ulisikika mlio wa bastola, mabati yakatoboka juu yetu. Tundu lile lipo mpaka leo, mvua ikinyesha naweka ndoo. Yule mpelelezi alikuwa anakaa kwenye nyumba za polisi juu ya kilima, mtoto mmoja alimkimbilia. Alikuja na fulana na kandambili. Watu wakaachia matofali, wakawa watazamaji tena.

Akachuchumaa mbele yangu. "Sababu?" akauliza.

"Kofia," nikamwambia, damu inanitoka puani. "Alisema kofia. Fundi viatu hana kofia."

Hakuelewa, na angeelewaje? Lakini alimtia mlinzi pingu, akampakia garini, na mlinzi alipoketi akaona amepata mwenzake.

"Afande, hawa watu wewe unajua," akasema. "Walituua. Baba zenu waliwaua. Kila siku yule dereva ananisalimia na salaam yake mbele ya watu kama nchi ni yake. Wewe ungevumilia?"

"Yule dereva alizaliwa wakati ile serikali imeisha," mpelelezi akasema. Akaubamiza mlango wa gari bila kutazama vidole vya mtu viko wapi.

Kwa hiyo salamu ndiyo iliyomuua kaka yangu. Nilipoisikia niliketi chini kwenye vumbi nikacheka, mpaka mpelelezi akaniinua. Kisha nikamwambia habari ya kofia na shimo tulilolifukia. Gari la polisi likaondoka na mlinzi, sisi tukapanda jingine, na nilimwambia yote njiani tukienda Kisugu, na kila gari liliporuka shimo la barabarani ubavu ulinichoma.

Baba mdogo alikuwa uani. Aliniona nilivyo, akamwona afisa na jembe, akaelewa. Hakunizuia. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatazama ukuta. Mpelelezi alichimba mwenyewe, na fulana yake na kandambili, taratibu, na mama akatoka jikoni kuuliza ni kitu gani hicho wanachochimba nyuma ya jiko lake.

Kofia ikatoka na tope. Nyeupe haikuwepo tena, lakini darizi ilikuwepo, na mama hakuhitaji zaidi. Aliichukua mikononi mwa mpelelezi kabla hajaitia kwenye mfuko. Akaipangusa kwa kanga yake. Akaona pale kitambaa kilipochanika, akapitisha kidole kwenye tundu moja, kisha jingine, yamepangika kwa mduara. Miezi yote ile alikuwa anatazama vichwa vya wanaume wa Kampala, nayo iko hatua chache tu kutoka mafiga yake.

Akanizaba kofi, juu ya uso uliokwishapasuka. Sikulikwepa.

"Wewe ulimwosha," akasema. "Umeona nini?"

Baba mdogo akainua uso. Nilijua jibu ambalo desturi inanitaka nilitoe, naye alilijua. Nikamwambia mama. Nikamwambia habari ya mbavu, ya meno yaliyokunjikia ndani, ya kitambaa kilichokuwa kinakuja na kuja. Nikamwambia kwamba mwanawe alikufa akisalimia watu, na yule aliyemwongezea nyama ndiye aliyemuua. Mpelelezi alikuwa anaandika kwenye kiganja chake kwa sababu alikuja bila karatasi.

Mama akanyanyua kofia, kidole chake bado kimo tunduni.

"Haya ni meno yake?"

"Ni meno yake, mama."

"Aliuma?"

"Aliuma."

Akamgeukia mpelelezi.

"Andika hiyo," akasema. "Andika kwamba mwanangu aliuma."